Jumamosi za Kulima na Bibi

Jumamosi, 3 Juni
Nyumbani, chini ya maporomoko

Mume wangu Kichwangumu,

Kabla ya salamu, swali: uko wapi?

Basi limefika asubuhi nami nimesimama mlangoni na kitambaa kipya kichwani, nawaangalia wanaoshuka. Wameshuka wenye kofia, wakashuka wenye miwani, akashuka mama mmoja na mbwa aliyevalishwa fulana. Kisha akashuka kijana mwenye shingo kama yako, nikamkumbatia. Kumbe si wewe. Nimemwachia unga wa mikono yangu mgongoni, naye ananiambia asante sana, ni mapokezi mazuri ajabu. Mapokezi! Nilikuwa nakukumbatia wewe, mpumbavu.

Anayeandika hapa ni Tiketi, yule mama anayekata tiketi pale langoni kwa maporomoko. Wageni wakishapanda juu hana kazi mpaka warudi, basi mimi natoa maneno naye anayashusha kwenye karatasi. Nimemwambia aandike kila kitu, hata nikikohoa. Simu usinitajie. Huku bondeni simu hukata katikati ya tusi, na tusi nusu halimsaidii mtu. Barua ataibeba dereva jioni basi likirudi huko mjini kwenu.

Sasa sikiliza. Ulikuja hapa ukaniambia, "Bibi, watu wa mjini wanataka hewa. Nitawaleta waone maporomoko, wapande kilima, wapumzike kwako kidogo wanywe chai." Nikasema haya. Hukuniuliza kwa nini nimesema haya upesi vile, mimi ambaye hata mchunga mbuzi akipita karibu na ukuta wangu namfokea. Nilikubali kwa sababu basi lilikuwa na wewe ndani. Hao wengine kwangu walikuwa maganda ya karanga. Mtu havunji ganda kwa kupenda ganda. Sasa kila Jumamosi naletewa maganda matupu, karanga imebaki ofisini.

Halafu hawakai kwenye viti, wajukuu wa watu. Mmoja nimemkuta kitandani kwangu, upande wa marehemu babu yako, anabonyeza godoro. Mwingine kafunua sufuria, kanusa, kafunika. Mwingine ameniuliza kwa adabu kabisa kama hii ni nyumba ya kweli.

Dawa yao ninayo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa ugeni wao umeisha zamani. Jumamosi ijayo kila mmoja nampa jembe, aingie kwenye mahindi na jua la saa sita. Wakirudi na malengelenge hawatakanyaga tena. Utawapeleka kwingine, kwenye bwawa lako na farasi wako, na huku utakuja mwenyewe.

Utakuja lini? Jibu hilo kwanza, mengine yatafuata.

Mke wako mzee,
Bibi

*

Ijumaa, 16 Juni
Ofisini

Bibi, mke wangu wa kwanza, shikamoo.

Bibi, umetisha! Sijui nianzie wapi. Tangu ile Jumamosi ya majembe simu ya ofisi haipumui. Wale uliowachosha wamerudi mjini wanaonyeshana malengelenge kama medali. Kuna mmoja, daktari wa meno, anasema siku ile alilala usingizi ambao hajaulala tangu aoe. Amewaambia wenzake wote. Wote wanataka kuja.

Na mimi niliyehangaika! Nimeweka boti za kupiga kasia bwawani, nimekodi farasi, nimechora njia ya baiskeli kupita msitu wa misonobari, nimewaingiza watu kwenye pango la popo na tochi kichwani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipigia kunishukuru kwa ajili ya popo. Kumbe watu wa mjini walichokuwa wanakitafuta ni kutukanwa na bibi kizee na kupewa jembe.

Nimeshaliweka kwenye ratiba: "Saa nne, Kulima na Bibi." Dereva anakuletea majembe mapya na kofia za ukindu. Kuanzia sasa mabasi yatakuwa mawili, kwa hiyo mwambie Tiketi aongeze benchi pale uani.

Umeniuliza nakuja lini. Kesho nina kundi la waendesha baiskeli, haliwezi kwenda bila mimi. Jumamosi ijayo, Mungu akipenda. Nakuona kabisa hapo mlangoni, umeshika kiuno, watu wamejaa, kelele kila upande. Ninafurahi mno nikifikiri hivyo.

Mume wako mwenye haraka,
Kichwangumu

*

Jumamosi, 24 Juni
Nyumbani

Mume wangu mwenye haraka,

Leo ndiyo ile Jumamosi ijayo. Nimeipokea. Imekuja na mabasi mawili na wewe hukuwemo hata katika moja.

Sikulaumu. Kazi ni kazi.

Wageni wako wamelima. Lakini kulima gani huko? Wameng'oa maharage yote, magugu wameyapalilia vizuri wakayarudishia na udongo shinani. Nikamwita yule daktari wako wa meno, kwani amerudi tena, na mkewe, na mashemeji. Nikamwambia, "Wewe, ukikuta jino zima na jino bovu, unang'oa lipi?"

"Bovu, Bibi."

"Basi mbona shambani kwangu unang'oa zima?"

Wakacheka mpaka shemeji mmoja akakaa chini. Daktari akatoa simu yake. "Bibi, sema tena, sikuwahi kurekodi." Nikamwambia, ngoja nikuchape kwanza ndiyo urekodi. Wakapiga makofi.

Mume wangu, mimi nimetukana watu tangu usichana wangu, na tusi langu lilikuwa linauma. Babu yako aliwahi kulala nje siku mbili kwa neno langu moja. Sasa limeisha makali. Nikikasirika wanacheka, nikinyamaza wananipiga picha. Kuna mtoto ameniomba nikasirike tena kwa ajili ya dada yake ambaye alikuwa chooni.

Lakini usijali. Mkate wako umo humo, siwezi kukutilia mchanga kitumbua chako. Waje tu. Mimi mzima. Nimechoka kidogo, uchovu wa kawaida wa mtu aliyeishi.

Ukipata nafasi, njoo. Usipopata, vaa soksi, naambiwa huko mjini kuna baridi.

Mke wako,
Bibi

Nyongeza ya mwandishi. Mjukuu, haya Bibi hajaniambia niyaandike. Nikimaliza atataka nimsomee barua yake, nami nitamsomea mpaka kwenye jina lake niishie hapo, Mungu anisamehe. Bibi si mzima. Leo mchana amekaa kwenye kigoda akasinzia, kichwa kikaangukia bega, kikombe cha chai kikamtoka mkononi kikavunjika, naye hata hakushtuka. Wageni wakapanga foleni, wakawa wanakaa kando yake mmoja mmoja kupigwa picha. Katikati ya wiki anashinda akifua mashuka waliyokalia na kuzibua choo chao. Ijumaa anateka maji ya chai ya watu wote peke yake, nikimwambia nimsaidie ananiita mchawi. Na kila basi likikata kona, ananipigia kelele kutoka mlangoni, "Yumo?" Nami najibu, "Sijaona vizuri, Bibi, kuna mmoja amekaa nyuma." Nimechoka kumdanganya mtu mzima. Njoo. Tiketi.

*

OFISI YA SAFARI ZA NJE YA MJI
Ijumaa, 30 Juni

Kwa: Mwenyeji wetu mpendwa, Kituo cha Bibi

YAH: MABORESHO YA KIPINDI CHAKO

Husika na mada tajwa hapo juu.

Meneja wetu wiki hii yuko bwawani na kundi kubwa. Kwa kuwa kazi zimezidi, barua zote za wenyeji wa vituo sasa ninazipokea na kuzijibu mimi. Barua yako tumeipata, pamoja na maoni ya mwandishi wako, tunashukuru kwa ushirikiano.

Napenda kukujulisha kwamba wageni wameridhika sana na kituo chako. Waliovutiwa zaidi ni wale walioshuhudia Bibi anavyosinzia na kuangusha kikombe. Wageni wengi waliokuwa shambani muda huo wamelalamika kwamba walikikosa kipindi hicho. Kwa hiyo tunaomba kiwe na saa maalumu, ikiwezekana saa nane, baada ya chakula. Tutaleta vikombe vya plastiki ili kuepuka hasara.

Pia ofisi inapendekeza kuongeza siku ya Jumatano.

Tunakutakia utendaji mwema.

Wako katika utalii,
Karani wa Ofisi

*

Jumamosi, 1 Julai
Nyumbani

Kichwangumu,

Leo sikuiti mume.

Hii barua dereva nimemwapisha. Ataitia mkononi mwako, haitaenda mezani kwa yule binti karani wako.

Tiketi amenisomea ya ofisi yako. Alipofika katikati akaikunja, nikamwambia soma. Akasoma. Nikamuuliza, maoni gani ya mwandishi? Akaanza kulia, akaniambia alichokuandikia. Nimemgombeza mpaka nikakohoa, kisha nimempa chai, maana kati yenu wote ni yeye tu aliyesema kweli. Hata mimi sikusema. Mimi nilikudanganya kwamba ni mzima, maana kusoma sijui lakini kudanganya naweza.

"Mwenyeji wetu mpendwa." Nani huyo? Mimi nilikubeba mgongoni na surua yako, usaha wa macho yako ukinikaukia shingoni. Ulipoanza shule nilikaa nje chini ya dirisha la darasa, kwa sababu ulisema ukigeuka usiponiona unatoroka. Ulikuwa unageuka kila mara, mwalimu akakuchapa kwa hilo, na bado ukageuka. Shule mimi naijua kwa upande wa ukutani tu, lakini muhula mzima nimeukaa. Mwenyeji nimekuwa lini?

Nasinzia kwa sababu nimechoka. Siigizi. Magoti yananiuma nikiinuka, yananiuma nikikaa. Nikifa siku ya Jumamosi, mjukuu wangu, watapanga foleni. Watasema Bibi leo ameigiza kufa, tena afadhali ya wiki iliyopita. Na huyo karani wako ataniandikia niwe nakufa saa nane, baada ya chakula.

Leo sikufungua mlango. Nilisema wakigonga wakakosa jibu watakwenda zao kwenye maji. Wamegonga. Wakaitana, "Jamani, leo Bibi amejificha, ni mchezo, tumtafute!" Wakagawana, hawa nyuma ya nyumba, hawa shambani, hawa banda la mbuzi. Mmoja akawa anachungulia dirishani akiniimbia. Unajua nilikuwa wapi? Uvunguni. Uvungu wa kitanda changu mwenyewe, nyumba niliyoijenga na babu yako kwa mikono, nimeziba mdomo nisikohoe. Na nikiwa kule chini nilisikia basi la pili likikata kona, na mdomo niliouziba ukataka kuuliza kama yumo.

Ndipo nikajua nimechoka kweli.

Watu kuona maji sikatazi, maji si yangu. Yale maporomoko yanamwagika usiku na mchana, mtu akiyatazama asiyatazame yanamwagika. Mimi si maporomoko.

Njoo peke yako, bila ile fulana ya kampuni. Na kama huji, niambie kwa mdomo wako kwamba huji, niache kusimama mlangoni.

Bibi yako

*

Jumapili, 2 Julai
Ofisini, kwenye ngazi

Bibi,

Dereva hakuniachia barua akaenda. Alisimama mbele yangu mpaka nimalize kuisoma, kisha akaniambia, "Soma tena." Nimeisoma tena.

Maneno ya Tiketi hayakunifikia. Huyo karani ni binti mzuri, mwelewe tu, hakujui. Nilimwambia mwenyewe asiniletee barua za vituo. Sikumwambia kwamba kimoja kati ya hivyo vituo ni wewe.

Bibi, unakumbuka baada ya kumzika Babu? Nilikuja nikakukuta umekaa kwenye mlango wa jikoni. Nikakuuliza unaendeleaje, ukaniambia, "Nyumba imenyamaza mpaka nasikia panya wakifikiri." Nilirudi mjini na hilo neno. Kuhamia kwako nisingeweza, nawe kuja huku ulikataa, ulisema ghorofa ni sanduku juu ya sanduku. Nikafikiri, basi nitampelekea watu. Nitampelekea kelele. Ndiyo maana ya basi lote hili. Nilikuwa nikilala nasema moyoni, angalau kule leo wamecheka. Sikuuliza nani amecheka.

Kwamba nalala, hilo nalo ni neno tu. Chumba nilishakiacha, nalala kwenye benchi la wateja ofisini ili nisichelewe basi la alfajiri. Wiki iliyopita kule bwawani nilisinzia na kasia mkononi, boti ikajiendea, wageni wakaniamsha tumeshaingia kwenye matete. Siku sizijui tena kwa majina, najua hii ni ya farasi, hii ya baiskeli, hii ya Bibi.

Sikuacha kuja kwa sababu sikutaka. Nilijua nikikaa kwako mara moja sitainuka, na mabasi yalikuwa yananingoja. Basi na yangoje.

Watu wa Jumamosi walishaahidiwa maporomoko, siwezi kuwaangusha. Wataletwa, lakini watapita njia ya juu, nyuma ya misonobari, kwako hawatafika. Kulima na Bibi nimeifuta. Barua hii inakuja na lori la maziwa nisingoje siku ya basi, na Ijumaa lori hilohilo litanileta mimi. Usinipikie. Usisimame mlangoni. Kaa, nitakukuta umekaa.

Mjukuu wako

*

Jumamosi, 8 Julai
Nyumbani

Kwa binti wa ofisini, Karani,

Salamu kwanza, maana mimi na wewe hatuna ugomvi. Uliandika ulichokiona kutoka ulipokaa. Siku moja uje, si kwa basi, nikupime unene. Mwandiko wako Tiketi anausifu.

Meneja wako yuko hapa. Usimtafute.

Amefika jana, ananuka maziwa. Nilikuwa nimempangia maneno, binti yangu. Wiki nzima nayapanga, nikifua nayapanga, nikimenya viazi nayapanga, lingine nilimjaribia Tiketi akasema hilo likimpata hataamka. Akatokea pale kwenye kona ya njia na mfuko mmoja. Mashavu yameingia ndani, suruali imebanwa kiunoni na kamba. Akasimama, akasema, "Bibi." Basi, hilo tu. Maneno yangu yote yakanimwagika sijui yalikwenda wapi. Nikasema, "Ingia, mbwa wewe, viatu nje."

Akakaa kwenye mkeka. Nikaenda kumletea maji. Nilipogeuka alikuwa ameshalala, kiatu kimoja nje, kimoja mguuni.

Mpaka sasa naongea hajaamka vizuri. Anafungua jicho, anakula kiazi, ananiuliza, "Bibi, upo?" Namwambia, "Nitakuwa wapi, punda wewe, na miguu hii?" Analala tena. Nami nikimtazama macho yananiwia mazito, namlalia pembeni. Jana tumelala mchana, tukalala usiku, leo asubuhi tukalala tena. Mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka. Hatujazungumza jambo lolote la maana. Mambo ya maana yapo, hayaozi, yatangoja.

Basi lenu leo limepita njia ya juu kama alivyoagiza, nimelisikia tu kwa mbali. Lakini wawili wameponyoka, mume na mke, wakateremka mpaka hapa uani na chupa zao za maji. Wakatukuta tulivyo. Kijana mzima amelala chali mdomo wazi, kizee amekaa kando yake anamfukuzia inzi kwa ncha ya kanga. Wakasimama. Mke akamnong'oneza Tiketi, "Samahani, hapa kuna nini?"

Tiketi akainuka na sura yake ya langoni, tayari kuwafukuza. Nikamshika mkono, nikawajibu mwenyewe.

"Hapa hakuna kitu, wanangu. Maji yako kule juu. Nendeni mkaone maji."

Wakaenda kwa ncha za vidole, kama watu waliokosea chumba.

Bibi yake